Glanza inamisi (inakosa moto) ikishuka Mombasa: ni nyaya za plagi au ni kitu kingine?

"Shikamoo fundi. Nina Starlet Glanza ya 1997, injini 4E-FTE, nimeweka turbo ya TD04, intakula (kipoza hewa ya turbo) ya mbele na ECU ya standalone, ile kompyuta ya injini ya kufunga badala ya ya kiwandani, busti (shinikizo la turbo) ni bar 1 kwa kontrola ya mkono. Ilityuniwa Nairobi na miezi miwili imetembea poa kabisa. Wiki iliyopita nimeshuka nayo Mombasa harusini. Siku moja kabla ya safari niliweka plagi mpya NGK BKR6E-11 na nikaosha injini. Nilipopita Mariakani, nikikanyaga gia ya tatu, ikifika kama 4,000 inaanza kukatika tu-tu-tu-tu, na geji ya AFR (uwiano wa hewa na mafuta) inaruka inaonyesha mafuta yamepungua. Ikiwa imesimama inanguruma vizuri tu. Fundi mmoja huku ananiambia nyaya zangu za plagi ni dhaifu, ninunue zile nene nyekundu za milimita 10, za kopa tupu zisizo na rezistansi, ati nitapata na farasi 10 juu. Mwingine anasema tuongeze mafuta. Waya wa silinda ya 3 naona umeng'aa pale unapopita karibu na bomba la turbo. Nichukue nyaya gani, unene gani, na nizifunge vipi?"

Marahaba kijana wangu, na salamu za harusi zimfikie mwenyewe. Nianze na jibu kabla ya maelezo manake najua una hamu ya kurudi Nairobi. Zile nyaya nyekundu usinunue. Waya wa namba 3 ubadilishe, hilo halina mjadala, na kwa vile zote nne zimezeeka pamoja badilisha zote. Lakini kabla hujatoa hata shilingi ya nyaya chomoa plagi uzipime gepu, yaani ule mwanya wa ncha ambao cheche inaruka, kwa sababu kwenye barua yako yote kilichonishtua zaidi ni zile tarakimu mbili za mwisho kwenye jina la plagi, ile -11.

Wasiwasi wako nimeuelewa hivi: turbo imekuwa kubwa, moto unaotakiwa umekuwa mkubwa, nyaya za kiwandani ni nyembamba, kwa hiyo hazipitishi moto wa kutosha na dawa yake ni waya mnene. Ni fikra inayoingia akilini upesi kwa sababu ndivyo ilivyo kwa waya wa betri kwenda stata, ukiwa mwembamba unachemka na stata inazunguka kwa uvivu. Ila waya wa plagi haubebi ampea. Cheche ikishawaka, mkondo unaopita humo ni makumi ya miliampea tu, ile taa ndogo ya ndani ya gari yako inakula mara kadhaa zaidi ya hapo. Kinachokuwa kikubwa ni volti, maelfu kwa maelfu, na kazi kubwa ya waya ni kuzifunga ndani zisitoroke njiani.

Sasa hebu tuone zinatoroka vipi. Watu wengi wanadhani koili, ile inayozalisha volti za cheche, ya volti elfu 30 inatoa elfu 30 kila inapopiga. Haitoi. Koili ikiachiliwa volti zinapanda zenyewe, elfu 5, elfu 10, elfu 15, mpaka mahali fulani hewa ishindwe kuvumilia na cheche iruke, na hapo hapo zinaacha kupanda. Sisi tunataka mahali hapo pawe kwenye ncha ya plagi. Koili yenyewe haijui na wala haijali, itatokea popote palipo rahisi kwake. Chukua mpira wa maji wa kumwagilia bustani, uliotoboka ukazibwa kwa kiraka cha tyubu. Mdomo ukiwa wazi maji yanapita na kiraka kinakaa kimya. Ziba mdomo kwa kidole gumba, kiraka kinaanza kukutemea maji usoni. Kiraka hakikuharibika dakika ile, kilikuwa dhaifu tangu zamani, ila sasa njia ya mbele imekuwa ngumu kuliko njia ya pembeni. Gari yako ikiwa imesimama mdomo uko wazi. Ukikanyaga na busti ikaingia, umeweka kidole gumba.

Vitu viwili ndivyo vinavyofanya njia ya mbele iwe ngumu: hewa iliyoshindiliwa zaidi kati ya ncha za plagi, na umbali wa hizo ncha. Na vinazidishana, hilo Mjerumani mmoja aitwaye Friedrich Paschen alishalionyesha mwaka 1889 kabla magari hayajawa magari. Ukiongeza kimoja, volti zinazotakiwa zinapanda. Ukiongeza vyote viwili kwa pamoja, ndio unaanza kuandikia watu kama mimi barua.

Wewe uliongeza vyote viwili ndani ya siku mbili bila kujua.

Cha kwanza ni plagi. Kwenye BKR6E-11 ile R inamaanisha ina rezista ndani, 6 ni kiwango cha joto, na -11 ni gepu ya milimita 1.1. Hiyo ni gepu ya gari isiyo na turbo. Kwa injini ya turbo iliyoongezwa busti tunaanzia 0.8 na tunashuka, wengi wanaosukuma bar 1 wanakaa 0.7. Kutoka 0.8 hadi 1.1 umeiongezea cheche umbali wa zaidi ya theluthi. Ile miezi miwili uliyotembea poa ulikuwa na plagi zingine, zilikuwa na gepu gani sijui lakini naweza kukisia.

Cha pili ni barabara uliyopita, na hili watu hawalifikirii kabisa. Geji yako ya busti inasoma kile kilichozidi juu ya hewa ya nje. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ina shinikizo la kama bar 0.83. Huku kwetu ni bar 1 na nukta. Kontrola ya mkono na ile springi ya wastegate (valvu inayozuia busti isizidi) zinapima dhidi ya hewa ya nje vilevile, kwa hiyo geji inakusomea bar 1 kote kote na wewe unaona hakuna kilichobadilika. Lakini ndani ya injini Nairobi ilikuwa 0.83 na 1, yaani 1.83, Mombasa ni 2.01. Hiyo ni karibu asilimia 10 zaidi ya hewa inayoshindiliwa mbele ya plagi, na gari haijaguswa na mtu. Ndio maana ikaanza Mariakani. Kule juu ulikuwa unapita malori tu na hewa bado nyepesi, ulipofika chini ukapata hewa nzito, ukakanyaga gia ya tatu kwa furaha ya kukaribia, na kiraka kikatema.

Ongeza na unyevu wetu wa pwani wenye chumvi. Hauingii ndani ya silinda ukazima moto kama watu wanavyosema, unachofanya ni kutua juu ya nyaya na kifuniko cha distributa (kinachogawa moto kwa kila plagi) zenye vumbi na mafuta ukawa utando, na utando huo ni njia ya umeme. Gari iliyokaa safi haipati shida hiyo, lakini yako umesafiri nayo kilomita karibu 500 za vumbi.

Hapo kwenye AFR nataka unisikilize vizuri kwa sababu ndipo unapoweza kuharibu injini. Ile geji haioni mafuta, inaona oksijeni kwenye moshi. Silinda ikikosa cheche, hewa yake yote inatoka ekzosi ikiwa na oksijeni yake nzima haijaungua, na sensa inasema "hapa hewa ni nyingi, mafuta machache". Petroli nayo imetoka hivyo hivyo mbichi lakini sensa haiihesabu. Kwa hiyo yule aliyesema muongeze mafuta amesoma geji sawa ila ameielewa vibaya. Mkiongeza, zile silinda zinazowaka vizuri zitakuwa zinazama kwenye petroli, plagi zitaingia masizi meusi, masizi ni kaboni, kaboni inapitisha umeme, na cheche itakuwa dhaifu zaidi ya mwanzo. Nimeona gari iliyoongezwa mafuta mara tatu kwa shida ya plagi moja iliyopasuka kauri. Msiguse ramani ya mafuta, ile hesabu ya mafuta ndani ya ECU, mpaka moto uwe unawaka kila mara.

Haya, turudi kwenye nyaya zenyewe. Zile milimita unazoona zimeandikwa, 7, 8, 8.5, 10, ni unene wa nje, yaani koti. Ndani njia ya umeme inaweza kuwa ile ile. Koti nene la silikoni lina faida, linavumilia joto na si rahisi kutobolewa na volti, lakini ya milimita 10 haitaingia kwenye vishikio vya Starlet, itapinda vibaya pale kwenye distributa, na utalazimika kuilaza mahali ambapo isingefaa kulala. Milimita 8 inatosha. Hata ya 7 mpya ya ubora wa kiwandani inatosha kwa bar 1 kama haiungui.

Kopa tupu ndiyo hatari. Kila cheche inaporuka inatoa kelele ya redio, na waya wa kopa usio na rezistansi ni antena ya kuisambaza. Kwenye karbureta za zamani haikuwa neno, redio ilikoroma basi. Yako ni EFI, mafuta yanapigwa kwa kompyuta, na kwenye 4E-FTE sensa zinazoiambia ECU injini iko wapi zimekaa humo humo ndani ya distributa, sentimita chache tu kutoka cheche zinaporuka. Kelele ikiingia kwenye waya wa sensa, ECU inahesabu meno ya gurudumu la sensa ambayo hayapo, inapiga moto mahali si pake, na sasa hukatikiwi tu, unaweza kupata moto wa mapema kwenye busti. Plagi za R zinapunguza kelele lakini mimi siwezi kuiachia gari ya standalone ilindwe na plagi peke yake.

Na hizo farasi 10? Waya hauzalishi kitu. Kama gari ilikuwa inapoteza moto na waya mpya ukaziba tundu, utarudishiwa farasi zako mwenyewe zilizokuwa zinamwagika, na utahisi umeongezewa. Gari ambayo haimisi ukaiwekea nyaya za bei ya matairi mawili itabaki na nguvu ile ile, utabadilika wewe tu.

Kuhusu rezistansi yenyewe nitakuwa mkweli, si kwamba haina athari kabisa. Kabla cheche haijaruka mkondo ni kidogo mno kwa hiyo rezistansi haipunguzi volti zinazofika kwenye plagi kwa kiasi cha kukusumbua. Cheche ikisharuka, ndipo rezistansi kubwa inakula sehemu ya nishati na cheche inadumu muda mfupi zaidi. Waya wa kilo-omu 3 na waya wa kilo-omu 10 hutaona tofauti barabarani. Toyota wanakubali mpaka kilo-omu 25 kwa waya mmoja, ukizidi hapo tupa. Mimi kwenye gari ya turbo nikiona mmoja umefika 18 na wenzake wako 7 sisubiri ufike 25, tofauti yake na wenzake inaniambia kaboni ya ndani imeanza kukatika.

Kwa hiyo chukua nyaya zenye kiini cha kuzungushwa kama springi, zile zinazozuia kelele bila kuwa na rezistansi kubwa, koti la silikoni, milimita 8 au 8.5, zilizotengenezwa kwa 4E-FTE yenyewe na siyo seti ya kukata. Ukikosa, seti mpya ya kiwandani ya kaboni, bila aibu. Nasisitiza zilizotengenezwa kwa injini hiyo kwa sababu plagi zako zimezama kwenye visima katikati ya kifuniko cha valvu na buti, ile kofia ya mpira mwishoni mwa waya, lazima liwe na urefu wake, lifike chini liume plagi na juu lizibe mdomo wa kisima. Buti fupi linashika nusu, linaacha mwanya, cheche inarukia kwenye mwanya huo kwanza halafu ndio iende kwenye plagi. Kuna na mtego hapa, NGK za BCPR na za BKR zina uzi mmoja na spana moja ya 16, lakini BKR ni fupi kwa juu milimita mbili na nusu. Ukihama kutoka moja kwenda nyingine hakikisha buti bado linaingia mpaka lilie.

Seti za kukata mwenyewe sizikatazi ila uwe na koleo lake la kubania. Koti linachunwa, kiini kinakunjwa nyuma juu ya koti, ndio kinabanwa kikiwa kimegusana na chuma cha tominali. Nikifungua nyaya zilizobanwa kwa plaizi, nusu yake kiini hakigusi chuma, umeme umekuwa ukiruka humo ndani mpaka umechoma silikoni ikawa unga mweupe.

Sasa usiende kupiga ramli dukani. Pima kwanza, na hakuna hata kimoja hapa kinachotaka mashine. Usiku egesha mahali penye giza, fungua boneti, washa injini, subiri macho yazoee. Chukua chupa ya kupulizia yenye maji safi uweke iwe ukungu mwembamba, puliza kidogo kwenye nyaya na kifuniko cha distributa huku mikono, mikono ya shati na nywele zikiwa mbali na mikanda na feni. Waya unaovuja utauona, vijicheche vya buluu vinavyotambaa, na mara nyingi utausikia, tik tik tik. Usiguse waya injini ikiwa inawaka, huo moto unaweza kukurusha ukajigonga, na mwenye kifaa cha moyo asisogee kabisa. Na ile tabia ya mafundi wengi ya kuchomoa waya mmoja mmoja injini ikizunguka wajue silinda ipi imelala, iache. Volti zikikosa pa kutokea zinarudi kula koili na igniter (swichi ya kielektroniki ya koili). Ukitaka kujua silinda, chomoa soketi ya injekta kwa sekunde mbili, silinda ambayo haibadilishi mngurumo ndiyo iliyolala.

Injini ikipoa, chomoa nyaya kwa kushika buti, usivute waya, zungusha kidogo huku na huku ndio uvute. Tazama kauri nyeupe ya plagi. Ukiona duara la kahawia juu kidogo ya chuma, usiogope, ni vumbi lililovutwa na umeme, halina ubaya. Ukiona mstari mwembamba mweusi unaoshuka kutoka juu mpaka kwenye chuma, kama mtu alichora kwa penseli, hapo moto ulikuwa unateremkia nje ya plagi. Sasa geuza buti utazame ndani kwa tochi, utaukuta mstari wa pili umelala sambamba na ule. Vikishachorana hivyo vinatupwa vyote viwili, plagi na waya. Ukibadilisha plagi peke yake buti la zamani litachora mpya ndani ya siku chache, na ndio utasikia mtu anasema plagi za siku hizi hazidumu. (Japo ni kweli pia kwamba feki zimejaa, nunua kwa mtu utakayemrudia.)

Tazama na chini ya kisima. Kama kuna oili, gasketi ya kifuniko cha valvu na sili za visima zimechoka, na oili inavimbisha mpira wa buti mpaka linalegea. Kama kuna maji au kutu, hiyo ni ile injini uliyoosha. Kama kungekuwa na maji mengi ingemisi tangu ukiwa bado getini kwako, kwa hiyo sidhani ndiyo sababu, lakini kausha kwa hewa ya kompresa kabla ya kufungua plagi, takataka zisiangukie ndani ya silinda. Halafu fungua kifuniko cha distributa, tafuta nyufa na mistari ile ile ya penseli, angalia kidude cha kaboni cha katikati kama bado kipo, na ncha ya rota, kile kidole kinachozunguka humo ndani, kama haijaliwa. Nimeshaona mtu ameweka nyaya za bei kali kwenye kifuniko chenye ufa.

Ndio uje kwenye plagi. Nunua BKR7E, 7 ni baridi zaidi ya 6 na kwa bar 1 ndiyo inayofaa. Ukipata Denso zao zinahesabu vingine, 22 ndiyo sawa na 7 ya NGK. Pima gepu kwa fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya) moja moja, usiamini boksi, funga zote 0.7 kwa kugonga taratibu ule mkono wa nje, katikati usiguse. Zikaze kwa mkono mpaka washa, ile pete ya chuma ya plagi, ikae, halafu spana nusu mzunguko, basi, hiyo hedi ni aluminiamu. Kisha endesha na nyaya zako za zamani isipokuwa huo wa 3, uazime hata mmoja mzima kwa mtu. Natarajia shida yote au karibu yote itaisha hapo. Na ikiisha, utakuwa umejua ni nini hasa kilikuwa kinakusumbua, kitu ambacho hutakijua ukibadilisha vyote kwa mpigo.

Kufunga nyaya mpya ukishazipata: toa mmoja weka mmoja, mpya ulingane urefu na uliotoka, ndivyo hutachanganya mpangilio ambao ni 1-3-4-2. Paka grisi ya silikoni kidogo ndani ya mdomo wa buti, ukubwa wa punje ya mchele, isambaze kwa kidole, isiwe kwenye chuma. Sukuma mpaka usikie klik, halafu vuta kidogo kuhakikisha. Huo wa 3 uwe mbali na bomba la turbo angalau vidole viwili, na uuvalishe soksi ya nyuzi za kioo ya kuzuia joto. Silikoni nzuri inavumilia kama nyuzi 200, lile bomba ukiwa umetoka kukanyaga linapita hapo kwa mbali.

Halafu usizifunge pamoja. Hili nililijifunza kwa aibu miaka mingi iliyopita, nilikuwa nimemaliza gari ya mteja, nikataka ipendeze, nikazilaza nyaya zote nne sambamba nikazibana kwa taitai safi kama msuko wa nywele. Mteja hakufika mbali, akarudi gari inapiga risasi kwenye ekzosi. Kwenye 1-3-4-2 namba 3 ikishapiga inafuata 4, na 2 ikishapiga inafuata 1, na hizo ndizo zinazokaa jirani. Waya wa 3 ukiwa na maelfu ya volti na umelala mgongo kwa mgongo na wa 4, unaweza kuuamsha wa 4 kabla ya zamu yake, silinda ikiwa bado inapanda na mchanganyiko. Kwa hiyo 1 na 2 zitenganishe, 3 na 4 zitenganishe, sentimita mbili tatu, na zikilazimika kukutana zipishane kwa msalaba. Vile vishikio vya plastiki vilivyokuja na gari vina kazi hiyo, usivitupe.

Sasa tuseme umefanya yote na bado inakatika juu. Hapo angalia koili. Moja inahudumia silinda nne, kwenye mizunguko 6,000 inapiga mara 200 kwa sekunde, ina milisekunde 5 tu ya kujaa na kumwaga. Mtu aliyetyuni standalone yako anaweza kuwa ameweka muda wa kujaza mfupi, au umeme unaofika kwenye koili ni volti 12 wakati alteneta inatoa 14, kwa ajili ya waya mbovu au arthi ya injini iliyooza. Pima hapo kwanza. Ukitaka kwenda juu zaidi ya bar 1 siku za usoni, mimi singekushauri nyaya nzuri zaidi, ningekushauri uachane na nyaya, uweke koili moja moja juu ya plagi, zile zenye igniter ndani kama za Vitz, mradi ECU yako ina matokeo ya kuziendesha na mtu apime urefu wa visima. Ni kazi na ni gharama, kwa bar 1 haina haja.

Na usichanganye kumisi na ECU kukata. ECU ikikata kwa sababu ya busti kuzidi inakata zote, ni kama umegonga ukuta, mara moja, kichwa kinaenda mbele. Tu-tu-tu uliyoieleza ni kumisi. Lakini kumbuka sensa ya ECU inasoma ile 2.01 na siyo 1 ya geji, kwa hiyo kikomo ambacho Nairobi hukukifikia huku unaweza kukigusa, na ramani ya moto iliyotyuniwa Nairobi inaweza kuwa haijawahi kufika kwenye safu unazofikia sasa.

Ndio maana hata ikiacha kumisi sitaki uanze kushindana na watu Mtwapa. Teremsha busti, weka 0.8 kwa siku zilizobaki huku, utakuwa karibu na pale ulipokuwa Nairobi. Ukitaka bar 1 pwani, mtafute mtu akae na wewe na laptopu asome logi, huku chini, kwenye joto hili, siyo kwa simu. Ukisikia sauti kama kokoto kwenye kopo ukikanyaga, ondoa mguu na usirudie. Ukichomoa plagi ukakuta vidoti vidogo vinavyong'aa kama pilipili manga ya fedha kwenye kauri, hiyo ni aluminiamu ya pistoni yako, gari ivutwe isiendeshwe. Ukinusa petroli mbichi, au ekzosi ikawa nyekundu chini, zima. Na kama silinda moja imelala na umeshaibadilishia plagi na waya vyote, peleka ipimwe kompresheni na injekta, hapo mimi kwa maandishi nimefika mwisho.

Ukishafungua plagi niandikie gepu uliyoipima na picha ya kauri zake. Na ule waya wa namba 3 ukiutoa usiutupe kwenye buti la gari uwe spea ya njiani, ukate katikati, manake nakujua, ikifika Voi usiku utaukumbuka.